Kuhusu mirathi ya baba yako

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara tatu. Umeniambia kwamba tangu Mahakama ya Mwanzo ikupe barua ya usimamizi wa mirathi ya marehemu baba yako hujaligusa lile faili, na kwamba kila ukifungua droo kutafuta kitu kingine, ukiliona tu, moyo unakupiga na unaifunga haraka. Kisha ukaniuliza: "Mama, jambo linalokutia hofu wewe huwa unalianzaje?" Nitakujibu kwa jambo ambalo sijawahi kukusimulia.

Ulikuwa darasa la tatu nilipokuwa mweka hazina wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Mwisho wa mwaka nilijumlisha, nikakuta fedha za sandukuni zimepungua shilingi 27,000 zikilinganishwa na daftari. Daftari lile nililificha kabatini chini ya kanga, na kwa wiki saba sikukosa udhuru: leo kuna msiba, kesho kuna mitihani ya kusahihisha. Baba yako alipogundua kwamba silali, alilitoa, akaliweka mezani mbele ya taa ya chemli, akaniuliza, "Unachoogopa ni kujumlisha?" Nikajibu hapana, na papo hapo nikaelewa kwamba kujumlisha hakukuwa na ugumu wowote kwangu mimi mwalimu wa hesabu, nilichokiogopa ni uso wa mwenyekiti wetu siku nitakapomwambia.

Kesho yake nilimwendea yeye kwanza. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia nigawe 27,000 kwa 9, kwa kuwa tofauti inayogawanyika kwa 9 bila baki mara nyingi hutokana na tarakimu mbili zilizopishana. Tulikaa wawili, nikishusha rula mstari baada ya mstari, hadi tukafika kwenye marejesho ya mwezi wa 8: mwanachama alileta 69,000, nami nimeandika 96,000. Lakini hata kama fedha zingekuwa zimepotea kweli, bado ingekuwa heri kwangu kumwendea siku ile kuliko kuongeza wiki ya nane.

Sasa tazama la kwako. Fomu Namba 5, ile ya orodha ya mali na madeni, ni kazi ya jioni moja: nyumba ya Kihonda, shamba la Mlali, akiba ya benki, deni la mbolea. Siamini kwamba wewe, unayeshinda na makaratasi ofisini, umeshindwa na karatasi hiyo. Nadhani kinachokurudisha nyuma ni pikipiki ambayo baba yako mdogo aliondoka nayo siku ya arobaini, kwa sababu ukiiandika utaonekana umemshtaki, na usipoiandika utakuwa umeificha mahakama ukweli na kuwapunja dada zako. Kama nimekosea, niambie, kwa maana ni lazima tukijue hasa kile unachokiogopa.

Kama ni hilo, usianze na fomu. Anza na baba yako mdogo. Usimpigie simu. Mfuate kwake, umwamkie kama ulivyozoea, umweleze kwamba kuiandika mali kwenye orodha si kumnyang'anya mtu, bali msimamizi anatakiwa kutaja kila kilichokuwa cha marehemu, popote kilipo na kwa yeyote kilipo, na kwamba warithi wote wakiridhia abaki nayo, hilo nalo litaandikwa. Huenda akakasirika. Namfahamu tangu akichunga mbuzi wa babu yako, na hasira zake hazivuki adhuhuri.

Katika ile miezi minne ya kuwasilisha orodha zimebaki wiki tano, nazo zinatosha. Ukiona hazitoshi, mwendee hakimu uombe kuongezewa muda kabla tarehe haijapita.

Jumamosi nitakuwepo nyumbani. Njoo na barua ya usimamizi pamoja na kadi ya pikipiki, twende Mlali kwa baba yako mdogo wote wawili. Nitakaa pembeni yako, lakini maneno utayasema wewe.

Mama yako