Kabla ya Kuiamini Namba ya Ugumu, Tazama Vituta

Wewe unayeanza kazi kwenye maabara ya metali na kupewa jukumu la kubonyeza fuwele kwa ncha ya almasi, mashine itakupa namba ya ugumu ndani ya dakika chache. Usiikimbilie. Fuwele ya metali haina ugumu mmoja. Atomu zake zimepangwa kwa safu, na zikilazimishwa kuhama huteleza kwenye mabapa fulani, kuelekea pande fulani tu. Ni kama mbao: seremala hapigi patasi kabla ya kuangalia nyuzi zimelala wapi. Kazi yako ni kuzitafuta nyuzi hizo.

Anza na shaba, inafundisha vizuri. Ukivuta fuwele moja ya shaba sambamba na ukingo wa mchemraba wake wa atomu, moduli ya Young, yaani kipimo cha jinsi inavyokataa kunyumbuka, ni takriban gigapaskali (GPa) 67. Ukiivuta kona hadi kona, kupitia katikati ya mchemraba, inafika karibu GPa 191. Ni karibu mara tatu, na mgeni akishalijua hilo hutarajia majibu ya mashine nayo yapishane mara tatu. Hayapishani hivyo. Ncha ikishuka inasukuma chini na pembeni kwa pamoja, kwa hiyo unachopata ni mchanganyiko wa pande nyingi. Tofauti ya moduli kati ya uso mmoja na mwingine haifiki hata robo, na ugumu nao hupishana kidogo. Hapo wengi huandika kwenye ripoti kwamba mwelekeo hauna athari. Athari ipo, ila imekaa kando ya bonyeo, si kwenye namba.

Metali iliyosukumwa lazima iende mahali. Huibuka juu kuzunguka bonyeo na kufanya vituta, na vituta hivyo hufuata njia za mtelezo. Chukua ncha ya koni au ya mviringo, bonyeza uso wa mchemraba wa shaba, yaani (001), kisha upitishe hadubini ya nguvu za atomu. Utaona vituta vinne, kila kimoja kikifuata ulalo wa uso huo. Bonyeza uso wa (011), unaokata mchemraba kwa mshazari kupitia kingo mbili zinazokabiliana, vinabaki viwili vinavyotazamana. Kwenye (111), unaokata kona ya mchemraba, mpangilio unakuwa wa pande tatu au sita. Ncha ni ileile na haina kona hata moja, kwa hiyo umbo hilo limetoka ndani ya fuwele yenyewe. Kwangu mimi hakuna picha inayoeleza habari hii vizuri kuliko hiyo.

Ncha ya Berkovich, piramidi ya pande tatu inayokuja na mashine nyingi, huchanganya ulinganifu wake na ule wa fuwele. Kama ndiyo pekee uliyo nayo, bonyeza, zungusha sampuli digrii 30, kisha bonyeza tena kwenye punje ileile (punje ni fuwele moja kati ya nyingi zinazounda kipande cha metali). Kinachozunguka pamoja na sampuli ni cha fuwele. Kinachobaki na ncha ni cha ncha. Ncha ya Knoop, iliyotoka Marekani mwaka 1939, ina faida yake hapa: alama yake ni ndefu mara saba kuliko upana wake, hivyo ukiizungusha juu ya uso mmoja ugumu hubadilika waziwazi.

Vituta hivyohivyo ndivyo vinavyoharibu namba. Mbinu ya watafiti Oliver na Pharr ya mwaka 1992, inayokokotoa ugumu kutokana na mzigo na kina, iliyomo kwenye programu za mashine karibu zote, huchukulia kwamba uso unazama kandokando ya ncha. Uso ukiinuka, eneo halisi la mgusano ni kubwa kuliko linalokokotolewa, na ugumu unatoka juu kuliko ulivyo. Kwenye metali laini kosa hilo ni kubwa. Pima eneo kwenye picha, kisha kokotoa mwenyewe.

Sasa uso wa sampuli, na hapa nakuomba uwe mvumilivu. Msasa, hata ule laini kabisa, huacha tabaka lililokwisha kuharibika, na bonyeo la nanomita 200 linaweza kuishia ndani ya tabaka hilo. Malizia kwa kung'arisha kwa umeme. Kwa shaba, asidi ya fosforiki na maji hufanya kazi nzuri (vaa glavu na miwani). Utajuaje kwamba uso umekuwa safi? Tazama mwanzo wa grafu ya mzigo na kina. Kwenye fuwele safi, mstari hupanda kwa unyumbufu mtupu, halafu ncha inazama ghafla bila mzigo kuongezeka: mitelezo ya kwanza imezaliwa. Mzigo wa mruko huo nao hutegemea mwelekeo. Mruko usipoonekana popote, rudi kwenye kung'arisha kabla ya kuilaumu mashine.

Ramani ya mielekeo kwa hadubini ya elektroni ipatikane kabla ya kubonyeza, si baadaye. Kaa mbali na mipaka ya punje, na kumbuka kuwa punje pana kwa juu inaweza kuwa nyembamba kwa chini. Linganisha mielekeo kwenye kina kilekile tu, maana bonyeo dogo huonyesha ugumu mkubwa zaidi; watafiti Nix na Gao waliieleza sababu yake mwaka 1998. Usimalize punje moja asubuhi na nyingine jioni, changanya zamu, kwa kuwa joto la chumba huhama na kiyoyozi huwaka na kuzima.

Ukishaizoea shaba, hamia zinki. Maua yanayoonekana kwenye mabati ya zamani ni punje za zinki, kila ua na mwelekeo wake, na mtelezo wake mwepesi uko kwenye bapa moja la msingi, kwa hiyo tofauti kati ya ua na ua ni kubwa kuliko utakazoziona kwenye shaba. Lakini zinki huyeyuka kwa nyuzi 419 tu za Selsiasi, na hata kwenye joto la kawaida huendelea kuzama taratibu chini ya mzigo uliosimama. Muda wa kushikilia mzigo uwe uleule kwa kila ua, na halijoto ya chumba iandikwe kwenye kila faili.