Asilimia 98 zako zinanitia shaka

*Shikamoo Mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta, mwaka wa pili. Utafiti wangu ni programu ya kutambua meseji za utapeli, zile za "ile hela tuma kwenye namba hii". Nimekusanya meseji 4,000 kutoka simu za ndugu na wenzangu chuoni, na modeli yangu inapatia kwa asilimia 98. Nilipeleka makala kwenye mkutano mmoja, ikakataliwa. Mhakiki mmoja kaandika mistari mitatu tu. Msimamizi wangu hajibu barua pepe. Sasa jarida moja limeniandikia lenyewe: nikilipa dola 300, makala itatoka ndani ya siku tano. Nilipe?*
*Mwanafunzi, Dodoma*

Marahaba, mwanangu. Usilipe. Siku tano hazitoshi kumpata mhakiki, akasoma, akakurudishia, nawe ukasahihisha. Hiyo nayo ni "ile hela tuma kwenye namba hii", tofauti yake imekuja kwa barua pepe. Modeli yako ingepaswa kuikamata.

Kukataliwa kusikuvunje. Mwaka 2014 NeurIPS, mkutano mkubwa wa watafiti wa akili bandia, ulizipa kamati mbili makala zilezile 166, kila moja iamue kivyake. Zilitofautiana kwenye makala 43. Bahati ipo, tena si ndogo. Lakini usijifiche nyuma ya bahati, kwa sababu hata mimi, bila kuiona makala yako, hizo asilimia 98 zinanitia shaka.

Kwanza, kati ya hizo 4,000, za utapeli ni ngapi? Kama ni 200 tu, programu inayosema "halali" kwa kila meseji bila kusoma hata herufi moja inapatia kwa asilimia 95. Mhakiki anataka kujua umekamata ngapi kati ya zile 200, na watu wangapi wasio na hatia umewaita matapeli.

La pili ndilo kubwa, nami lilinikuta. Kwenye tasnifu yangu ya uzamili nilikuwa napanga habari za magazeti kwa mada. Nikapata 97, nikawanunulia maabara nzima soda. Wiki mbili kabla ya utetezi nikagundua kwamba habari nyingi ziliingia mara mbili au tatu, nakala moja kwenye data ya kufundishia, nyingine kwenye ya kupimia. Modeli ilikuwa inakumbuka tu, kama mtoto aliyeuona mtihani jana yake. Nilipoondoa nakala nikabaki na 81. Soda zilishanyweka. Nilitetea hiyo 81, na swali la kwanza la mtahini lilikuwa kuhusu nakala.

Meseji za utapeli ni pacha kuliko habari za magazeti: maneno yaleyale, namba ya simu tu ndiyo inabadilika. Kwa hiyo badilisha kila tarakimu iwe 0, linganisha, katika kila kundi la pacha bakiza moja. Kisha usigawe data kwa kuchanganya kama karata, gawa kwa tarehe. Fundisha kwa meseji za mwaka jana, pima kwa za mwaka huu, maana ndivyo programu yako itakavyoishi: tapeli wa kesho hajaandika bado. Weka pembeni yake Naive Bayes, modeli ya kawaida na nyepesi inayohesabu maneno. Kama modeli yako kubwa inaipita kwa pointi mbili tu, sema hivyo waziwazi.

Namba itashuka. Hapo sasa chukua makosa 50, yachapishe, uyasome kwa macho yako na kalamu mkononi. Nakuhakikishia utakuta meseji ya mama halisi akimwambia mwanawe: "tuma kwa namba hii, ile nyingine imeisha chaji." Utapeli huu unafanya kazi kwa sababu tapeli ameiga namna tunavyoandikiana sisi wenyewe. Maneno peke yake yanatosha kumtofautisha mama na tapeli, au inabidi kujua nani kamwandikia nani na saa ngapi? Hilo ndilo swali la makala yako, na mtu wa mbali asiyeijua meseji hiyo hawezi kuliuliza.

Hao ndugu waliokupa simu, wamekubali kwa maandishi? Futa majina na namba kabla hujampa mtu mwingine data. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na "ni shangazi yangu" si kibali.

Msimamizi: acha kumtumia tasnifu nzima. Ukurasa mmoja, jedwali moja, maswali mawili, kisha mfuate ofisini mwenyewe na karatasi mkononi. Akikukwepa mara tatu, nenda kwa mratibu wa uzamili, kwa adabu, ukiwa na tarehe ulizomtafuta.

Ukishapata namba mpya, ipeleke kwenye warsha kabla ya kurudi mkutano mkubwa. AfricaNLP, warsha ya kompyuta na lugha za Kiafrika, inapokea kazi za lugha zetu, na kule hutamaliza ukurasa mzima kueleza kwa nini Kiswahili kinafaa kutafitiwa. Nami nitumie hiyo namba, hata ikiwa 70.