Kutoka uhandisi ujenzi hadi ubunifu majengo Marekani: angalia ithibati kabla hujalipa ada

Mkuu, umeuliza kama uichukue ile nafasi ya M.S. (shahada ya uzamili ya sayansi) ya ubunifu majengo kwa kuwa ni ya muda mfupi na nafuu, nawe digrii yako ya kwanza ni uhandisi ujenzi. Kama lengo lako ni leseni, nakusihi usiilipie. Nilitoka uhandisi kama wewe, nikapitia M.Arch, yaani shahada ya uzamili ya kuandaa wabunifu majengo, ya miaka mitatu.

M.S. nyingi ni za utafiti na hazina ithibati ya NAAB, chombo kinachokagua kozi za ubunifu majengo Marekani. NAAB hutoa ithibati kwa B.Arch (shahada ya kwanza), M.Arch na D.Arch (ya udaktari) tu, na majimbo mengi yanataka mojawapo ndipo yakupe leseni. Utamaliza M.S. yako vizuri, halafu urudi tena darasani. New York na California zinakubali uzoefu wa kazi badala ya digrii hiyo, lakini njia ni ndefu, na ukihamia jimbo jingine unaweza kukwama.

Waliosoma miaka minne ya ubunifu majengo hufanya M.Arch kwa miaka miwili. Sisi wa fani nyingine ni mitatu au mitatu na nusu, na ule mwaka wa mwanzo tunaoongezewa nauthamini kuliko yote. Uhandisi ulinizoesha kuuliza nguzo itabeba nini. Kwenye studio, yaani darasa la kubuni, mchoro wa zahanati ukibandikwa ukutani, jopo la walimu linauliza mgonjwa anayesubiri amekaa wapi, anaona nini, na jua la alasiri linampiga nani. Hilo halifundishiki kwa semista moja.

Portfolio, ule mkusanyo wa kazi zako unaotuma na maombi, isikutishe. Hawategemei uwe na ramani za majengo. Niliweka michoro ya penseli ya baraza za Mji Mkongwe na picha za stuli niliyoiunda mwenyewe, nikaeleza kwa nini miguu yake imekaa vile.

Baada ya digrii kuna saa 3,740 za AXP, mpango wa uzoefu wa kazini chini ya msimamizi, na mitihani sita ya leseni iitwayo ARE. Unaruhusiwa kuanza kukusanya saa ukiwa bado mwanafunzi. Ziripoti mapema: zikipita miezi minane unapewa nusu tu, na zikipita miaka mitano hupati kitu. Inauma kuona jasho la mtu linapotea kwa sababu ya fomu.

Kwa wenye B.Arch ya nyumbani mnaosoma ujumbe huu, msikimbilie M.Arch. Pelekeni kwanza vyeti EESA, huduma inayopima digrii za ubunifu majengo za nje ya Marekani, vikapimwe. Huenda mkadaiwa masomo machache tu.

Wewe mkuu, kabla ya kutuma pesa, fungua orodha ya NAAB utafute chuo pamoja na jina kamili la digrii, maana chuo kimoja huwa na M.Arch yenye ithibati na M.S. isiyo nayo. Ukiona kozi imeandikwa "candidacy", bado inaomba ithibati. Waulize kwa barua pepe wanatarajia kuipata mwaka gani, na jibu lao ulitunze.