Kumtafuta babu wa enzi za Mjerumani kwa kompyuta

Dada, umeuliza uanzie wapi kumtafuta babu wa baba yako, askari wa Mjerumani, na kompyuta ndiyo kwanza unaishika. Anza na shangazi zako. Warekodi kwa simu kabla hujagusa kibodi. Kisha fungua akaunti FamilySearch, tovuti ya kutafutia kumbukumbu za ukoo, ni bure.

Jina usiliandike kwa namna moja tu. Wajerumani waliandika kwa masikio yao: Juma akawa Dschuma, kama Kilimanjaro ilivyoandikwa Kilimandscharo. Kwenye Google, lifunge jina zima ndani ya alama za nukuu, lisitafutwe vipandevipande. Ukurasa ukiwa mrefu, bonyeza Ctrl na F kwa pamoja, uandike unachotafuta.

Picha ukiipata, ihifadhi kwa jina na mwaka. Mimi niliziacha 40 na namba zake za kamera, nikakesha nikizifungua mojamoja.