Kabla Hujakubali Kuwekeana Linki

Mwaka jana mama mmoja mfugaji alinipigia simu kuniuliza kwa nini nimempeleka kwenye kamari. Alikuwa anasoma makala yangu ya kulea vifaranga, akabonyeza linki niliyoiandika "dawa za kuku", akakutana na matangazo ya kubeti. Nilipoifungua mwenyewe nikaona ni kweli. Tovuti ile tulikuwa tumewekeana linki miaka mitatu nyuma. Mwenyewe aliiacha, domeni (jina la anwani ya tovuti) ikaisha muda wake, na mtu mwingine akainunua akaigeuza ya kamari. Watu wa namna hiyo hutafuta domeni za zamani kwa sababu zina linki zinazozielekea, na yangu ilikuwa mojawapo.

Nilimwomba radhi mama yule. Kisha nikakaa usiku kucha kupitia tovuti zote 26 nilizokuwa nimebadilishana nazo linki. Nilibakiza 5.

Zile 21 ziliingia kwa njia ileile: ujumbe wa WhatsApp, "Habari mkuu, niwekee linki nami nikuwekee, tupande wote Google." Nami nilikuwa naangalia kitu kimoja tu, ile alama ya nguvu ya domeni ambayo watu wanapenda kutajiana. Ikifika 30, nakubali. Sikujua kwamba alama ile inakokotolewa na Moz, kampuni inayouza zana za kuchunguza tovuti, wala Google haiitumii kupanga matokeo yake.

Tamaa ya linki ina chanzo chake. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wakiwa bado wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, walieleza namna ya kuupima ukurasa kwa linki zinazouelekea. Kila linki ni kama kura, na kura ya ukurasa unaoheshimika ina uzito zaidi. Basi watu wakaanza kuuziana na kupeana kura. Aprili 2012 Google ikatoa mabadiliko yaliyoitwa Penguin, na tovuti nyingi zilizojijenga kwa linki za kupangana zikaporomoka. Mpaka leo kanuni zake zinakataza kubadilishana linki kupita kiasi. Hayo maneno mawili ya mwisho yana maana kubwa: daktari wa mifugo na mfugaji wakielekezana wasomaji, hakuna kosa hapo.

Siku hizi mtu akiniomba linki naanza kwa kusoma kazi yake, makala tatu, mwanzo hadi mwisho. Kwenye ufugaji nina kipimo changu: natafuta alichoandika kuhusu kideri, ugonjwa unaoua kuku. Anayeijua kazi ataeleza kwamba chanjo ya I-2 hudondoshwa tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Aliyenakili ataandika "wape dawa ya kideri", na kideri hakina dawa. Mfugaji akimwamini huyo atapoteza banda zima, na mimi ndiye nitakayekuwa nimempeleka huko. Hapo mazungumzo yanaisha, hata kama tovuti yake inatembelewa na maelfu. Wewe unayeandika mapishi au sheria za ardhi, unalo swali la fani yako ambalo mtu wa kubahatisha hawezi kulijibu. Anza nalo.

Yaliyobaki ni ya dakika kumi. Andika Google "site:" ukiunganisha na jina la tovuti. Isipotokea hata kurasa moja, jiulize kwa nini. Ingia kwenye Wayback Machine, hifadhi ya mtandaoni ya nakala za zamani za tovuti, uone ilikuwa inaandika nini miaka iliyopita. Tovuti iliyokuwa ya kanisa na leo inauza mikopo ya haraka ilishabadili mmiliki. Tazama pia inaelekeza wapi wengine: ukikuta kwenye makala ya mahindi kuna linki ya kasino, ondoka.

Halafu uliza linki yako itakaa wapi. Ukurasa wa "Marafiki zetu" wenye majina 80 sikubali tena, maana hakuna anayeusoma. Nataka iwe ndani ya makala, mahali ambapo msomaji ataihitaji. Ikishawekwa, fungua msimbo wa ukurasa uangalie kama kuna neno nofollow, alama iliyoanzishwa mwaka 2005 kuziambia injini za utafutaji zisiihesabu linki hiyo kama kura. Si vibaya mtu kuitumia. Ila kama yeye alidai kwako linki ya kawaida na akakupa hiyo, hakukutendea haki.

Kati ya zile 5, ninayoithamini kuliko zote ni ya daktari mmoja wa mifugo. Hatukuwahi hata kuombana. Mimi niliwaelekeza wasomaji kwenye maelezo yake ya chanjo kwa kuwa yalikuwa bora kuliko yangu, naye baadaye akawaelekeza wafugaji wake kwenye makala yangu ya hewa bandani.

Zote 5 nazifungua moja moja kila baada ya miezi mitatu, siku ileile ninayowachanja kuku wangu.