Miaka 20 baada ya Katrina: matanga ambayo hayajaanuliwa

Mleta mada ameuliza kuhusu mfanyakazi mwenzake hapo Houston, mtu wa New Orleans, mji wa jimbo la Louisiana, Marekani, ambaye kila ifikapo 29 Agosti anaomba ruhusa, anajifungia ndani na simu hapokei. Anauliza: miaka 20 imepita tangu kimbunga Katrina, huyu bado analia nini? Maisha si alishaanza mengine?

Ndugu yangu, nakujibu kwa niliyoyaona. Kuanzia 2012 nilikaa New Orleans miaka mitano nikimhudumia bibi mmoja nyumbani kwake, mtaa wa Lower Ninth Ward. Kumwogesha, kumpikia, kumpa dawa. Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu msiba una njia yake: watu wanakuja, wanalala chini na mfiwa, wanapika pamoja, halafu siku inafika matanga yanaanuliwa. Nilichokikuta pale ni mtaa mzima ambao hayo matanga hawakuwahi hata kuyakaa.

Ukienda upande wa mfereji, unakuta viwanja vya majani marefu, na katikati ya majani ngazi tatu za saruji. Unazipanda, juu hakuna kitu. Wengi wanadhani ni upepo ulioziondoa nyumba. Asubuhi ile ya Jumatatu, 29 Agosti 2005, ukuta wa zege wa mfereji wa Industrial Canal ulianguka, maji yakang'oa nyumba kwenye misingi. Mji mzima kuta na matuta ya kuzuia maji yalivunjika sehemu zaidi ya 50, asilimia 80 ya New Orleans ikazama. Waliojenga ni wahandisi wa jeshi la Marekani, na mwaka 2006 walikiri kwamba usanifu ulikuwa na kasoro. Hapo ndipo uchungu unapokolea. Upepo utasema ni kazi ya Mungu, lakini ukuta una aliyeujenga.

Nyumba ya bibi yangu ilikuwa mbali kidogo, ikabaki imesimama ingawa maji yalipita juu ya madirisha. Pembeni mwa mlango palikuwa na X kubwa ya rangi, alama ya waokoaji. Juu waliandika tarehe, kushoto jina la kikosi, kulia hatari waliyoikuta, chini idadi ya watu waliokutwa. Kwake chini paliandikwa 0. Kwa jirani yake, shoga yake wa miaka mingi, paliandikwa 1. Nyumba ya jirani ilibomolewa kabla sijafika. Siku mwana wa bibi alipokuja kupaka rangi ukuta, bibi alikataa ile X isiguswe. Tulipaka kuizunguka.

Karibu nusu ya waliokufa Louisiana walikuwa wazee wa miaka 75 na zaidi. Maiti zilikusanywa St. Gabriel, karibu na Baton Rouge, na familia zikasubiri miezi kupewa watu wao. Zaidi ya 80 hawakutambuliwa au hawakuwa na wa kuwachukua. Walizikwa 2008, miaka mitatu baadaye, kwenye makaburi ya Canal Street. Hata hesabu yenyewe haikutulia: miaka mingi ilitajwa zaidi ya 1,800, kisha mwaka 2023 ikarekebishwa kuwa 1,392.

Sasa elewa mazishi ya watu wa kule. Wakienda makaburini bendi ya matarumbeta inapiga taratibu, nyimbo za dini, watu wanakokota miguu. Wakishamuaga marehemu, ngoma inabadilika, miavuli inafunguliwa, mtaa mzima unacheza barabarani. Nilipoona mara ya kwanza nikasema, haya ndiyo yao ya kuanua matanga. Lakini yanataka mtaa, na watu walishapakiwa kwenye mabasi na ndege, mmoja huku, mwingine kule. Lower Ninth Ward ilikuwa na watu kama 14,000 mwaka 2000. Mwaka 2010 hawakufika 3,000.

Jioni bibi alikaa barazani, kidole kinaenda kiwanja hadi kiwanja: huyu yuko Dallas, huyu Atlanta, hawa sijui. Mara kwa mara simu ililia, anaambiwa fulani amefariki huko alikohamia, wameshazika. Hakuuliza ugonjwa wala siku. Aliuliza jambo moja tu: "Bendi ilikuwepo?" Akijibiwa hapana, anakata simu, na usiku ule chakula changu kilirudi jikoni kama kilivyokwenda.

Kwa hiyo mwenzako akirudi kazini, usimwambie ashukuru Mungu kwamba yeye alipona. Hilo ameambiwa tangu 2005. Muulize alikuwa anakaa mtaa gani, na jirani yake alikuwa nani, halafu mwache aseme. Kila 29 Agosti watu wanakusanyika pale ukuta ulipovunjika, majina ya waliokufa yanasomwa, mashada yanawekwa, kisha bendi inaondoka na watu nyuma yake. Kutoka Houston ni kama saa sita kwa gari. Mwakani omba ruhusa na wewe, mpeleke. Uendeshe wewe.