Dalali anataka milioni 5 kabla ya Ijumaa? Soma kwanza niliyopitia Salasala

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Umepata nyumba Kinyerezi, mwenye nyumba amekubali milioni 78 siku ya Jumapili, ndiyo nyumba yako ya kwanza maishani, na sasa dalali anakupigia asubuhi na jioni upeleke milioni 5 kabla ya Ijumaa "asije akatokea mwingine". Unauliza ufanye nini kuanzia hapo. Nitajibu kwa urefu, maana hapo ulipo nimewahi kukaa mwaka 2019, na hii nyumba ninayoishi leo nusura initokee puani.

Tuanze na huyo "mwingine". Kila nyumba inayouzwa Dar ina mwingine wake, ana pesa taslimu na anakuja kesho. Wa kwangu alikuwa daktari kutoka Mwanza. Kwa kumwogopa daktari huyo, usiku uleule tuliopatana bei ya milioni 95 nilimkabidhi dalali milioni 2 ampelekee mzee mwenye nyumba kama kishika uchumba. Hakuna karatasi, ni meseji tu ya WhatsApp: "Imefika kaka." Wiki tatu baadaye tunaandika mkataba, mzee anasema kwa upole kabisa kwamba yeye alipokea milioni 1. Dalali hakukataa hata! Alisema ile nyingine ni udalali wake, kajikatia mapema. Daktari wa Mwanza sijamsikia tena mpaka leo.

Kwa hiyo kama roho yako haitulii bila kutoa kitu, toa kidogo, na kipitie benki kwenda akaunti yenye jina lilelile lililo kwenye hati. Andikeni karatasi yenye mistari minne tu: kiasi, namba ya kiwanja na kitalu, kwamba ni sehemu ya bei, na kwamba kinarudi chote upekuzi ukionyesha kasoro. Muuzaji anayekataa mstari wa nne amekupa jibu lako bure.

Halafu nenda ofisi ya ardhi. Chukua nakala ya hati, lipia, omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, wenyewe wanaita sechi. Majibu yanakuambia nani amesajiliwa kama mmiliki, miaka mingapi imebaki (hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, usidhani zote ni 99), na kama kuna rehani, zuio au amri ya mahakama juu ya kiwanja. Usikubali majibu ya upekuzi yaliyoletwa na dalali au muuzaji. Lipia ya kwako, hata kama yao ni ya juzi.

Hapa kuna neno linalowachanganya wengi. Ukiambiwa nyumba "ina ofa", hiyo siyo hati. Ni ile barua ya toleo ambayo mtu hupewa kabla ya hati kuandaliwa, na wapo waliokaa nayo miaka kumi bila kulipia hatua inayofuata. Si lazima ikimbiwe, lakini mnunuzi wa kwanza asibebe kazi ya kukamilisha hati kwa pesa aliyokwisha kumkabidhi mtu. Akamilishe muuzaji, au bei ishuke na iandikwe nani anamalizia.

Sasa upekuzi wangu. Dalali alikuwa ameniambia hati "ipo kwa wakili". Majibu yakaja: ipo rehani benki. Nilikaa kwenye gari pale nje karibu nusu saa nikijiona mjinga. Nikampigia mzee, shikamoo baba, hii rehani vipi? Akanyamaza, halafu akasema, "Mwanangu, niliona nikikwambia utakimbia." Kijana wake alikopea biashara ya spea, biashara ikalala, mzee akabaki na rejesho. Ndiyo sababu ya kuuza.

Watu wengi wanaishia hapo kwa njia mbili, ama wanakimbia, ama wanampa muuzaji pesa "akakomboe". Ya pili ndiyo inayoliza watu, kwa sababu pesa ikishaingia mfukoni mwake ina wadai wengine wanaoisubiri. Mimi wakili wangu alinipeleka njia ya tatu. Tulikwenda benki wote, mimi, mzee na wakili. Benki ikatoa barua ya salio la deni: milioni 18 na laki 4. Mkataba ukaandikwa kwamba sehemu ya kwanza ya bei ni hiyo, inakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo, na benki ikishaandika kufuta rehani, hati inakabidhiwa kwa wakili, haipiti mkononi mwa mzee wala mwangu. Ilichukua wiki saba. Nilikonda, lakini siku ile wakili aliponipigia kuwa hati ameishika nililala saa kumi mfululizo.

Jambo lililonipa shida kuliko benki ni mama, mke wa mzee. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja tu. Mzee alikuwa akisema kila siku, "Mke wangu anajua." Wakili akasema kujua siyo kusaini. Mama alikuwa Morogoro kwa dada yake, tukapanda basi. Tumefika, tumekaribishwa, chai na mihogo, mzee anazungukazunguka maneno. Mama akanigeukia mimi: "Baba, wewe sina ugomvi na wewe. Ila huyu aniambie nikitoka Salasala nakwenda kulala wapi." Kumbe anajua nyumba inauzwa, hajui kinachobaki baada ya deni kinafanya nini. Hakusaini siku hiyo. Alisaini baada ya wiki mbili, mzee alipomwonyesha kiwanja Kibaha na mkataba ukaandika kwamba sehemu ya pili ya malipo inaingia akaunti ya wote wawili. Ningekuwa nimelipa kabla ya safari ile, leo ningekuwa na kesi badala ya nyumba. Na uulize waziwazi muuzaji ana wake wangapi. Ni swali la aibu, lakini liulize.

Kama muuzaji wako ni mtoto anayeuza nyumba ya marehemu, hapo anza na mirathi: barua ya usimamizi kutoka mahakamani, jina la msimamizi liingie kwenye hati kwanza, na warithi waandike kuridhia. "Sisi ndugu tumekubaliana" haisajiliki.

Mpima. Watu wanaona ni gharama ya bure kwa sababu ukuta upo na geti lipo. Mimi nilimleta mpima aliyesajiliwa, akatafuta bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja, mbili akazipata, ya tatu ilikuwa imezikwa chini ya banda la kuku la jirani. Ukuta ulikuwa sawa. Ila shimo la maji taka la nyumba ninayonunua lilikuwa lote ndani ya kiwanja cha jirani! Mzee na jirani walipatana kwa mdomo enzi hizo wote wanajenga. Jirani mpya angekuja na kulifunga, ningehamia wapi na choo changu? Mzee alichimba jipya kabla ya malipo yaliyofuata, kwa gharama yake, na sikuona haya kumwambia.

Kwa Kinyerezi nakuongezea: uliza mto uko wapi na nenda siku ya mvua. Sheria ya mazingira inataka mita 60 kutoka kingo za mto, na mabondeni mvua za masika zinaijua njia yake hata kama wewe huijui. Halafu barabara. Waliokuwa Kimara hadi Kiluvya mwaka 2017 hawahitaji kusimuliwa. Hifadhi ya Morogoro Road ilihesabiwa mita 121.5 kila upande na nyumba nzuri kabisa zikalala chini. Mpima anaweza kukuangalizia kwenye ramani ya mipango miji kama kiwanja chako ni cha makazi au kimeandikwa kitu kingine.

Mkataba. Tafuta wakili wako, siyo "wakili wetu" wa dalali. Malipo yafuate karatasi, yasifuate kalenda. Yangu yalikuwa hivi: deni la benki kwanza, sehemu ya pili mama aliposaini na fomu za uhamisho kusainiwa (utazisikia zikiitwa fomu namba 29, 30 na 35), na milioni 20 za mwisho hati ilipotoka na jina langu. Muuzaji naye ana hofu zake, ukimwambia asubiri mpaka mwisho ataona unamtapeli, kwa hiyo pesa ya mwisho ilikaa kwa wakili, mzee akaiona kwenye taarifa ya akaunti. Na kabla ya kila malipo makubwa nilirudia upekuzi. Kati ya upekuzi wa kwanza na malipo ya mwisho ni miezi mingi, mtu anaweza kuweka zuio ndani ya siku moja.

Watakushauri muandike bei ndogo ili kodi ipungue. Mzee mwenyewe alinishauri, tena kwa nia njema. Nilikataa, kwa sababu biashara ikivunjika utadai mahakamani kilichoandikwa, siyo ulichotoa kwenye bahasha. Halafu haisaidii sana: lazima mthamini aje, ripoti iidhinishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali, na thamani hiyo ndiyo inayoangaliwa.

Kodi zenyewe kaeni mzungumze mapema nani analipa nini, maana hapa ndipo urafiki unapoishia. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi wa Tanzania, na Msajili hasajili uhamisho bila cheti cha TRA kwamba imelipwa. Kuna msamaha kwa mtu anayeuza nyumba aliyoimiliki miaka 3 au zaidi na kuishi humo angalau miaka 3, faida yake isipozidi milioni 15, kwa hiyo mwambie muuzaji wako akaulize. Ushuru wa stempu, karibu asilimia 1, ulikuwa wangu. Ulipe ndani ya siku 30 baada ya kusaini. Wote wawili muwe na TIN, namba ya mlipakodi. Kodi ya pango la ardhi mzee hakuwa amelipa miaka sita, tukaikata kwenye bei, nikalipa mwenyewe ili niione risiti.

Serikali ya mtaa nilikwenda, siyo kuhamisha umiliki, bali kuuliza. Mjumbe alinieleza ugomvi wa njia na habari za yule kijana wa spea, mambo ambayo hakuna upekuzi ungeyatoa. Niliombwa asilimia 10 ya bei kama "haki ya mtaa". Nikaomba nionyeshwe sheria yenyewe, mpaka leo nasubiri. Kwa kiwanja kilichopimwa na chenye hati, muhuri wa mtaa hauhamishi kitu. Kama nyumba yako haina hati, ina leseni ya makazi au karatasi za mauziano tu, basi mtaa na majirani wa pande zote nne wanakuwa kila kitu, na hapo ushauri wangu mwingine unabadilika, useme.

Siku ya kukabidhiwa, badilisha vitasa siku hiyohiyo. Hakikisha nyumba ni tupu: mimi banda la uani lilikuwa na mpangaji aliyemlipa mzee kodi ya miezi sita, na hakuna aliyenitajia. Nilimwachia amalizie muda wake, dada wa watu hakuwa na kosa. Soma mita ya maji, piga picha, deni la nyuma liishie kwake. LUKU nayo ina mtego: kodi ya majengo inakatwa humo, siku hizi ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na kama umeme haukununuliwa miezi kadhaa inajikusanya. Mara ya kwanza niliponunua umeme wa elfu kumi nilipata yuniti za kuchekesha, nikadhani mita mbovu.

Kwa hiyo hiyo Ijumaa, mkuu, mwambie dalali akuletee nakala ya hati, wewe uende nayo ardhi. Akisema mwenye nyumba hatoi nakala, muombe namba ya mwenye nyumba mwenyewe na umpigie mbele yake. Majibu ya upekuzi yakitoka yaweke hapa, ficha majina na namba ya kiwanja, nitakusaidia kuyasoma. Na hujasema: aliyekubali milioni 78 siku ya Jumapili alikuwa mwenye nyumba mwenyewe, au ni dalali aliyekuambia amekubali?